Mpakani Busia na Malaba: Mzigo hukaguliwa mara moja, mrija wa pumzi ukaguliwe kila kituo

Lori linalotoka Mombasa kwenda Kampala kupitia Busia husimama mpakani mara moja tu. Tangu Marais Yoweri Museveni na Uhuru Kenyatta walipozindua Kituo cha Huduma kwa Pamoja mnamo Februari 2018, dereva hupita upande wa Kenya bila kuegesha, kisha huwakuta maofisa wa forodha na uhamiaji wa nchi zote mbili wakifanya kazi chini ya paa moja upande wa Uganda. Anayerudi hufanyiwa hivyo hivyo upande wa Kenya. Malaba, kwenye barabara ya Tororo, utaratibu ni huo huo.

Lengo la vituo hivi ni kupunguza mara ambazo kitu kimoja hukaguliwa. Kwa saruji, sukari na mafuta ya petroli, hilo limekuwa neema. Lakini barabara hiyo hiyo hupitisha pia watu walioumia, na wachache miongoni mwao hupitishwa wakiwa na mrija wa kupumulia kooni. Kwa hao, hesabu hugeuka. Mrija uliothibitishwa na daktari wa kwanza kuwa uko mahali pake unaweza kuwa umehama kabla ya kumfikia daktari wa pili. Usipokaguliwa upya, mgonjwa anaweza kufa akiwa mikononi mwa watu wanaoamini kwamba anapumua.

Kwa wilaya na kaunti zinazoshikana mpakani hapa, kuanzia Masaba, Masafu na mji wa Busia upande wa Uganda, Tororo na Malaba, hadi Teso Kaskazini na Matayos upande wa Kenya, suala hilo limekaa kama la madaktari peke yao. Ukilitazama kwa makini, ni suala la Jumuiya.

Njia mbili zinazopakana

Mgonjwa asiyeweza kupumua mwenyewe, au ambaye koo lake linaelekea kuziba, huingizwa mrija wa plastiki kupitia mdomoni hadi kwenye njia ya hewa inayoelekea mapafuni. Mlango wa njia hiyo uko mbele tu ya umio, yaani njia ya chakula inayoshuka tumboni. Katika chumba cha upasuaji chenye mwanga, kwa mgonjwa ambaye hajala tangu jana, mtaalamu aliyezoea huuona mlango sahihi bila taabu kubwa. Usiku wa ajali mambo ni mengine. Koo limejaa damu na matapishi, shingo haiwezi kuinuliwa kwa kuhofia uti wa mgongo, na ndugu wanalia mlangoni. Hapo hata mkono mzoefu hukosea.

Kosa hilo hutokea katika nchi tajiri na maskini, na likigunduliwa mara moja halina madhara makubwa. Mrija hutolewa, mgonjwa hupuliziwa hewa kwa barakoa na mfuko wa mkono, kisha hujaribiwa tena. Madhara huja pale ambapo hakuna aliyegundua. Oksijeni yote huingia tumboni, ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika chache, na moyo hufuata.

Linalowatatiza wahudumu ni kwamba dalili wanazozitegemea hudanganya. Kifua kinaweza kuonekana kikipanda kumbe ni tumbo linalojaa. Sauti ya hewa inayosikika kwa stethoskopu inaweza kuwa inatoka tumboni, hasa kwa mtoto mdogo au kwenye chumba chenye kelele. Ukungu ndani ya mrija, ambao wengi hufundishwa kuutafuta, huweza kuonekana hata mrija ukiwa kwenye umio. Oksimita ya kidoleni nayo huchelewa. Mgonjwa aliyepewa oksijeni nyingi kabla ya kuwekewa mrija anaweza kuonyesha namba nzuri kwa dakika kadhaa huku hapati chochote, na namba zinapoanza kushuka muda wa kurekebisha unakuwa umekwisha. Eksirei husaidia kujua mrija umefika kina gani, lakini kwa kugundua kosa katika dakika ya kwanza imechelewa mno.

Kipimo kinachoaminika

Kinachotegemewa ni hewa ya ukaa, yaani kabonidayoksaidi. Mapafu yanayofanya kazi huitoa kwa kila pumzi. Tumbo halifanyi hivyo. Kifaa kiitwacho kapnografu huunganishwa kwenye mrija na kuchora wimbi kwenye skrini kila mgonjwa anapotoa pumzi. Wimbi likija na kurudi, mrija uko kwenye njia ya hewa. Mstari ukibaki bapa, mhudumu achukulie kwamba mrija umekosea njia hadi ithibitike vinginevyo.

Wataalamu wa mradi wa kimataifa ujulikanao kama PUMA, ambao mwongozo wao ulichapishwa mwaka 2022, wanataka hewa hiyo ionekane kwa pumzi zisizopungua saba kabla ya mhudumu kuridhika. Sababu ni ya kawaida kabisa. Mtu aliyekunywa soda muda mfupi kabla ya ajali anaweza kuwa na gesi hiyo tumboni, nayo ikatokea kwa pumzi za mwanzo kisha ikaisha. Mwongozo huo unasema pia kwamba uchunguzi wa macho na masikio peke yake usitumike kuondoa shaka.

Wapo wanaosema kwamba moyo ukisimama wimbi haliwezi kuonekana, kwa hiyo mstari bapa hauna maana kwa mgonjwa wa namna hiyo. Hilo si sahihi. Kifua kinapokandamizwa ipasavyo, damu kiasi hufika mapafuni na wimbi dogo huonekana. Kutokuonekana kabisa ni ishara ya kwanza kuangalia mrija.

Uingereza ilijifunza hili kwa gharama. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2011, uitwao NAP4, ulibaini kwamba kukosa kutumia kapnografu huenda kulichangia zaidi ya asilimia 70 ya vifo vilivyotokana na matatizo ya njia ya hewa katika vyumba vya wagonjwa mahututi. Hizo ni hospitali zenye umeme usiokatika na wataalamu wa kutosha. Vifaa vilikuwepo nchini. Havikutumika kila mahali, na vilipotumika wakati mwingine havikusomwa sawasawa.

Karibu zaidi na nyumbani kuna Malawi. Mradi uliochapisha matokeo yake mwaka 2019 ulipeleka kapnografu 40 kwenye hospitali nane, ambako vyumba vya wagonjwa mahututi havikuwa na hata moja. Watoa dawa za usingizi walifundishwa kuzitumia. Baada ya miezi sita waliripoti kwamba wamegundua mara 44 mrija ulioingia kwenye umio. Bila kifaa, baadhi ya makosa hayo 44 yangegunduliwa kwa njia nyingine. Yapo ambayo yasingegunduliwa.

Kwa nini mpakani

Busia na Malaba ziko kwenye Ushoroba wa Kaskazini, njia inayolisha Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo. Malori ya mizigo na matanki ya mafuta hukutana hapa na baiskeli, watembea kwa miguu na bodaboda. Neno lenyewe bodaboda lilizaliwa kwenye mpaka huu, pale waendesha baiskeli walipokuwa wakibeba abiria kati ya kituo cha nchi moja na cha nchi ya pili. Leo pikipiki zimechukua nafasi ya baiskeli, na majeraha ya kichwa yamekuja nazo. Aliyepoteza fahamu kwa kuumia kichwa ni miongoni mwa wagonjwa wa kwanza kuhitaji mrija.

Mwingine ni aliyeungua moto. Julai 2021, tanki la mafuta lilipinduka Malanga, Kaunti ya Siaya, kwenye barabara ya Busia kwenda Kisumu. Wakazi walikimbilia kuchota mafuta, yakalipuka, na watu wasiopungua 13 wakafa. Aliyevuta moshi na joto anaweza kufika hospitali akiongea, na saa chache baadaye koo likawa limevimba kiasi cha kuziba. Mrija wake lazima uwekwe mapema, na ukichomoka njiani huenda usirudi.

Wapo pia wakulima na vijana walioingiwa na sumu ya dawa za mimea, ambayo hulegeza misuli ya kupumua, na watoto wenye malaria kali inayopanda kichwani. Tororo inajulikana kwa watafiti wa malaria kuwa miongoni mwa maeneo yenye maambukizi makubwa zaidi nchini Uganda.

Wagonjwa hawa wana safari ndefu mbele yao. Upande wa Uganda, anayepokewa Masafu au Tororo na kuhitaji huduma ya juu hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbale, takribani kilomita 45 kutoka Tororo. Upande wa Kenya, kutoka Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Busia hadi Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu ni zaidi ya kilomita 100, na Eldoret ni mbali zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulihesabu vitanda 55 tu vya wagonjwa mahututi vilivyokuwa vikifanya kazi Uganda nzima, katika vyumba 12. Penye vitanda vichache hivyo, kusafirishwa ni sehemu ya matibabu.

Wasamia, Wateso na majirani zao wana ndugu pande zote mbili, na mgonjwa hupelekwa kunakodhaniwa kuna nafuu, iwe ya bei au ya huduma. Uganda iliondoa malipo katika hospitali za serikali mwaka 2001. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Imesema mtu, haikusema raia. Kwa hiyo sheria haimzuii mgonjwa wa Masaba kutibiwa Busia ya Kenya. Kinachokosekana ni makubaliano kuhusu anavyokabidhiwa.

Mrija huhama

Chukulia mfano wa kijana wa bodaboda aliyegongwa na trela nje kidogo ya Malaba. Kituo cha kwanza kinamwekea mrija na kuuthibitisha vizuri. Anahamishwa kutoka kitandani hadi machela, kutoka machela hadi ambulensi, kisha ambulensi inapita matuta na mashimo. Mwishoni anavutwa tena hadi kitanda kingine. Kila hatua kati ya hizo inaweza kuusogeza mrija. Kichwa kikiinama, mrija huzama na kuingia pafu moja, kwa kawaida la kulia. Kichwa kikinyanyuka, huvutika kwenda juu. Kwa mtoto, sentimita moja inatosha kuleta maafa.

Akifika, mpokeaji huambiwa, "Ameshawekewa mrija, yuko sawa." Maneno hayo yalikuwa kweli saa moja iliyopita. Mpokeaji ana wagonjwa wengine watatu na muuguzi mmoja, kwa hiyo anayapokea kama dereva anavyopokea karatasi iliyogongwa muhuri. Baada ya muda oksimita inaanza kushuka, na watu wanatafuta tatizo kwenye mapafu, kwenye moyo, kwenye mtungi wa oksijeni, kila mahali isipokuwa kwenye mrija.

Dawa ya hali hii ni sentensi tatu kwenye karatasi ya rufaa: mrija ulithibitishwa kwa kipimo gani, saa ngapi, na umefungwa kwenye sentimita ngapi mdomoni. Kwa mtu mzima huwa karibu sentimita 21 kwa mwanamke na 23 kwa mwanamume. Mpokeaji husoma namba hiyo, huiangalia mdomoni mwa mgonjwa, kisha hupima hewa ya ukaa mwenyewe kabla ya aliyeleta kuondoka. Kazi hiyo haichukui hata dakika mbili.

Jumuiya imeweza mengine

Kusema kwamba nchi hizi haziwezi kushirikiana katika afya ni kusahau yaliyokwisha kufanyika. Kuanzia mwaka 2010, mradi wa mtandao wa maabara za afya ya jamii wa Afrika Mashariki uliofadhiliwa na Benki ya Dunia uliimarisha maabara za hospitali katika nchi wanachama, nyingi zikiwa karibu na mipaka, na ya Busia upande wa Kenya ilikuwamo. Wakati wa UVIKO-19 mwaka 2020, foleni za malori Malaba zilipofika kilomita nyingi, Jumuiya ilisambaza maabara za kuhamahama na kuanzisha mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia madereva, ili cheti cha vipimo kitambulike upande wa pili. Nchi zilikubaliana haraka kwa sababu mizigo ilikuwa imekwama. Mgonjwa mmoja kwenye ambulensi hasababishi foleni, ndiyo maana hajawahi kuwa ajenda.

Kwenye taaluma pia kuna pengo. Chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika mwaka 2010, wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo wamesaini makubaliano ya kutambuana. Mabaraza ya madaktari nayo hukagua vyuo vya udaktari kwa pamoja. Lakini katika hospitali nyingi za wilaya na kaunti, anayeshika mrija si daktari bingwa. Uganda humtegemea ofisa wa usingizi. Kenya ina matabibu na wauguzi waliosomea kazi hiyo. Kada hizi hazifanani kwa jina wala kwa mtaala, na makubaliano yanayozungumzia madaktari peke yao huwaacha nje watu wanaofanya kazi yenyewe.

Hoja ya gharama

Msimamizi wa hospitali atauliza, na ana haki, kwa nini anunue kapnografu wakati glavu zinakwisha kabla ya robo ya mwaka. Uchunguzi uliofanywa miongoni mwa watoa dawa za usingizi nchini Uganda mwaka 2006 ulionyesha kwamba ni asilimia 23 tu waliokuwa na vifaa vya kumhudumia mtu mzima kwa usalama, asilimia 13 kwa mtoto mdogo, na asilimia 6 kwa mama anayejifungua kwa upasuaji. Mengi yamebadilika tangu wakati huo, lakini takwimu hizo zinaeleza kwa nini wahudumu wa umri fulani wamezoea kufanya kazi bila kifaa na kuamini masikio yao.

Jibu la kwanza ni kwamba si lazima kuanza na mashine kubwa. Kipo kikasha kidogo cha kuchomeka kwenye mrija, chenye karatasi inayogeuka kutoka rangi ya zambarau kuwa manjano inapokutana na hewa ya ukaa. Hakihitaji umeme na kinatosha kwa safari fupi ya ambulensi. Upo pia mpira mdogo wa kubinya unaochomekwa kwenye mrija. Ukiachiwa, hujaa hewa haraka kama mrija uko kwenye njia ya hewa, na hubaki umebonyea kama uko kwenye umio, kwa sababu umio ni laini na hujifunga. Mpira huo una mipaka yake, hasa kwa watoto wadogo na watu wanene, lakini ni bora kuliko kukisia.

Jibu la pili ni kwamba mashine ya kupumulia bila kipimo cha kuthibitisha mrija ni nusu ya ununuzi. UVIKO-19 ulileta mashine hizo na mitambo ya oksijeni katika hospitali nyingi za kanda. Oksijeni inayopulizwa tumboni haimwokoi mtu. Viwango vya mwaka 2018 vya Shirika la Afya Duniani na shirikisho la dunia la wataalamu wa usingizi vinapendekeza upimaji wa hewa ya ukaa kwa mgonjwa mwenye mrija, kwa hiyo hospitali za mpakani hazingekuwa zinadai anasa.

Jibu la tatu ni gumu zaidi, nalo ni matengenezo. Kifaa cha msaada kinachokosa waya au betri huishia kabatini. Hapa ndipo kanda inaweza kusaidiana. Chuo Kikuu cha Rwanda kina kituo cha umahiri cha Jumuiya cha uhandisi wa vifaa tiba. Hospitali za mpakani zikinunua aina moja ya kifaa, fundi mmoja anaweza kuhudumia pande zote mbili na vipuri vikakaa ghala moja. Zikinunua kila moja aina yake, mzunguko wa kabatini utaendelea.

Wala kifaa peke yake hakitoshi. Somo la Uingereza ni kwamba wimbi linaweza kuwa kwenye skrini na watu wasiliamini. Daktari mkubwa akisisitiza kwamba aliuona mrija ukipita, muuguzi kijana anayeona mstari bapa hunyamaza kwa heshima. Mafunzo yanayofaa ni yale yanayowaweka wote chumba kimoja, daktari, tabibu, muuguzi na dereva wa ambulensi, na kumpa kila mmoja ruhusa ya kusema kwamba mstari umelala. Wakifundishwa pamoja wa Tororo, Masafu, Kocholia na Busia, watakuwa na lugha moja siku watakapokabidhiana mgonjwa.

Kinachowezekana sasa

Hakuna mkataba mpya unaohitajika ili kuanza. Idara ya afya ya Kaunti ya Busia na wilaya za Busia na Tororo zinaweza kukubaliana karatasi moja ya rufaa, yenye zile sentensi tatu, kwa Kiswahili na Kiingereza. Kila ambulensi inayobeba mgonjwa mwenye mrija inaweza kuwekewa kikasha cha rangi. Kenya ilianzisha mfuko wa dharura na magonjwa mahututi kwa sheria ya bima ya afya ya jamii ya mwaka 2023. Wizara mbili zinaweza kukaa na kuamua nani atalipia kikasha mgonjwa anapovuka. Sekretarieti ya Arusha, ambayo Mkataba wa Jumuiya unaipa kazi ya ushirikiano wa afya, inaweza kupeleka karatasi hiyo Namanga, Mutukula na Rusumo baada ya kuiona ikifanya kazi hapa.

Kipimo cha mafanikio kitakuwa rahisi kukagua. Ambulensi inapofika usiku kutoka upande wa pili na mleta mgonjwa akasema mrija uko sawa, mpokeaji amshukuru, kisha apime mwenyewe.